Namba Iliyofutika kwenye Mashine ya Baba

Nyumbani kwetu Kunduchi, mashine ya boti hailali ufukweni. Inalala sebuleni, kwenye kigoda chake cha mbao, kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumba cha wazazi wangu. Mgeni akija anatukuta sisi tumekaa chini kwenye mkeka, mashine imekaa juu. Mama yangu, Hamisa, anaiita mke mwenza. "Mtu akitoka baharini," husema, "salamu ya kwanza anampa mke mwenzangu, mie napewa ya pili." Baba hucheka tu, kwa sababu ni kweli.

Msicheke. Kwetu wenye boti wengi hufanya hivyo, maana ukiiacha mashine ufukweni, asubuhi unaweza kukuta boti iko peke yake. Mashine yetu ni ya nguvu za farasi kumi na tano. Baba, nahodha Marijani, aliinunua mpya kabisa dukani, na jambo hilo hulisema hata kama hakuna aliyemuuliza.

Mie naitwa Najat. Nina miaka kumi na miwili, nipo darasa la sita, na kazi yangu ni kuiogesha hiyo mashine. Baba anavua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo boti yetu, Hatuchelewi, hutoka jioni na kurudi asubuhi. Ikirudi, baba na baharia wake mmoja huibeba mashine kwa mti mpaka uani na kuifunga kwenye gogo, sehemu yake ya chini ikiwa ndani ya pipa nililolijaza maji ya bomba. Baba huiwasha kwa dakika kumi ili chumvi yote itoke ndani. Mimi nasimama nikitazama kijito cha maji kinachoruka nyuma yake. Kikiwa chembamba namwambia baba, kwa sababu hapo pana uchafu umeziba. Halafu naifuta kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye oili. Nilijivunia kazi hiyo kuliko hata kuwa wa tatu darasani.

Basi siku moja ya likizo, mwezi wa sita, mama alinituma sokoni kumnunulia vibua vya kukaanga. Nilifika mnada ukiwa umepamba moto. Dalali alikuwa anapaza sauti, wanunuzi wanabishana, ndoo zinagongana. Lakini kundi kubwa la watu lilikuwa limesimama kwenye ukuta wa ofisi ya soko, na baba alikuwa katikati yao. Dada Recho, karani wa soko, alikuwa anawasomea tangazo lililobandikwa asubuhi ile.

"Nyamazeni basi, nimesoma mara mbili na bado mnaniuliza," alisema Dada Recho. "Sikilizeni. Kiwanda kimegundua kosa kwenye mashine zake za farasi kumi na tano, zenye namba kuanzia 61204500 mpaka 61206900. Mpira wa mafuta uliomo ndani ya kifuniko unaweza kupasuka na kuvujisha petroli. Mashine hizo zisitumike. Zipelekwe kwa wakala, Temeke, zikabadilishwe mpira. Ni bure."

"Bure!" mzee mmoja akaguna. "Nimeishi miaka sitini na mitatu sijaona cha bure."

"Ukiipeleka ndiyo umeiaga," mwingine akadakia. "Watakwambia njoo kesho, njoo kesho, mpaka dagaa waishe baharini."

Baba hakucheka nao. Petroli ikivuja katikati ya bahari, kukiwa na taa, betri na watu saba ndani ya boti, hakuna pa kukimbilia. Alinikonyeza, tukarudi nyumbani pamoja, na njiani alikuwa na furaha kama kawaida yake. "Yangu nilinunua mpya, na risiti ninayo. Tutalinganisha namba, tukikuta imo, tunaipeleka. Sisi watu wa karatasi bwana, hatubahatishi."

Hapo nikapunguza mwendo, nikabaki nyuma yake.

Nawaambia sababu. Ubavuni mwa mashine, kwenye mkono unaoshika boti, kulikuwa na kibati cheupe chenye namba. Kwa sababu ya chumvi, kibati kile kilikuwa kimeota ukungu mweupe ambao hautoki kwa kitambaa wala kwa oili. Siku mbili kabla ya Idd, mashine ikiwa imetoka tu kwa Fundi Nurdin kufanyiwa matengenezo, niliamua kwamba mashine yetu itashinda zote kwa kung'aa. Nilichukua msasa wa baba wa kusugulia boti, nikasugua kibati. Kiling'aa kweli. Kiling'aa mpaka namba zikaisha zote. Nilipoona hivyo nilishtuka, nikachukua rangi nyeusi iliyobaki kwenye kopo nikakipaka chote. Baba alipouliza kuhusu ile rangi, nilisema, "Nimeipendezesha kwa ajili ya Idd." Akanisifu. Akanipa na hela ya sambusa.

Tulipofika, baba alitoa risiti kabatini, akaisoma kwa sauti. "61205117. Imo kabisa." Akainama kwenye mashine. Akatazama rangi nyeusi, akachukua kisu, akaanza kukwangua taratibu. Rangi ikatoka. Chini yake palikuwa patupu.

Alikwangua tena. Akalowesha kidole, akapangusa. Kisha akasimama, na uso wake haukuwa ule niliouzoea.

"Hamisa!" alimwita mama. "Mashine hii siyo yangu."

"Siyo yako vipi? Si ndiyo hiyo mke mwenzangu tunalala nayo kila siku?"

"Namba imefutwa. Mtu hafuti namba bure. Mashine hii imekaa kwa Nurdin siku mbili, mwisho wa Ramadhani. Yangu ameichukua, hii ameniletea ya wizi, akasugua namba. Na huyu mtoto bila kujua akapaka rangi juu yake."

Mama alinitazama. "Najat, ulipopaka rangi hukuona namba?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na nafasi ile hapohapo, maneno matatu tu yangetosha. Lakini baba alikuwa anafoka kwa hasira, nami niliogopa. "Sikuangalia," nikasema.

Nilisema uongo, na nilijua nimesema uongo. Usiku huo baba hakutoka baharini, nami sikupata usingizi mzuri.

Asubuhi yake baba alikwenda mnadani. Nilimfuata nyuma nikiwa na ndoo ya mama. Fundi Nurdin alikuwa pembeni ya kibanda chake, ameshika bisibisi, anasaidia kufunga mashine ya mtu. Ni mtu mfupi, mpole, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa waya. Baba hata salamu hakumpa.

"Nurdin! Mashine yangu iko wapi?"

Dalali alinyamaza katikati ya bei. Mnada mzima ukageuka.

"Marijani, salama? Mashine yako si unayo mwenyewe?"

"Ninayo isiyo na namba. Umeniwekea ya wizi!"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Ndugu yangu," alisema, "mwaka wa kumi na saba huu nafungua mashine za watu hapa. Sijawahi kuondoka hata na nati moja ya mtu. Nenda nyumbani ukatulie, halafu tuifungue pamoja tuangalie. Huwa kuna namba nyingine ndani."

"Hutagusa tena kitu changu!"

Watu walianza kunong'ona. Na kunong'ona kwa mnadani si kitu kidogo. Kabla sijanunua hata samaki mmoja, niliona wanaume wawili wakienda kwenye kibanda cha Fundi kuchukua mashine zao, bila kusubiri zitengenezwe. Hawakumwambia kitu. Walizibeba tu wakaondoka, na yeye akawasaidia kuzinyanyua.

Njiani kurudi nilikutana na Talha. Talha ni mtoto wa Fundi Nurdin, tunakaa dawati moja shuleni, na huwa ananitania kwamba naoga mara moja lakini mashine naiogesha mara mbili. Siku hiyo hakunitania.

"Najat, baba yako kwa nini anamwita baba yangu mwizi?"

Nilisema mama ananisubiri, nikakimbia na ndoo yangu. Samaki wengine walidondoka njiani na sikurudi kuwaokota.

Saa tisa alasiri baba alianza kujiandaa kwenda baharini. Siku za giza zilikuwa zimebaki chache, mbalamwezi ikianza boti zote za dagaa hupumzika, na hasira ilikuwa imemfanya mkaidi. Mama alimfuata huku na huku uani.

"Baba Najat, tangazo limesema zisitumike."

"Tangazo limesema namba yangu. Hii siyo mashine yangu, kwa hiyo tangazo halinihusu. Nipishe mama."

Sasa ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mashine ile ilikuwa ya kwake, ileile iliyokuwa kwenye risiti, yenye mpira wa kupasuka. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Na baba alikuwa anaipeleka baharini na watu sita nyuma yake.

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa Fundi Nurdin.

"Karibu, shemeji," alisema mama haraka, ameshtuka.

"Sikai, shemeji. Marijani, nimekuja kwa neno moja. Umenivunjia heshima mbele ya watu, na hilo Mungu analiona. Lakini usitoke na hiyo mashine leo. Iwe yako, iwe ya wizi, iwe ya shetani, aina ni ileile na mpira ni uleule. Wale vijana unaowapakia wana mama zao. Ipeleke ikaguliwe kwanza. Ukitaka usiniambie hata ahsante, mie nimemaliza."

"Umekuja kunipangia?" baba akasema. "Au unataka nikamatwe nayo kwa wakala, ionekane mwizi ni mimi?"

Fundi aligeuka taratibu, akaanza kutoka. Nilitazama mgongo wake, shati lake limepauka kwa jua, limejaa madoa ya oili. Mtu ametukanwa asubuhi, alasiri anakuja kumwokoa aliyemtukana. Jamani, mimi si jiwe.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Baba, ni mimi niliyefuta namba!"

Fundi akasimama. Baba akashusha dumu la petroli chini.

Nilisema yote. Nilisema kuhusu ukungu, kuhusu msasa, kuhusu rangi, kuhusu hela ya sambusa. Nilisema jana nimesema uongo kwa mama. Nilikuwa nalia mpaka kamasi zinanitoka, sikujali. "Mashine ni yako, baba. Ni ileile. Usiende nayo. Fundi hajafanya kitu."

Baba aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani atanipiga. Nilitamani hata anipige, kuliko kukaa vile.

Aliyezungumza kwanza alikuwa Fundi. "Ulitumia msasa namba ngapi?"

"Mia na ishirini," nikasema, nikishikwa na kwikwi.

"Mia na ishirini! Mtoto huyu ana mkono mzito. Ungeendelea dakika mbili ungetoboa mashine ukatokea upande wa pili." Akacheka kidogo, na mama naye akacheka huku anafuta machozi kwa mtandio.

Baba hakucheka. Aliinuka, akamshika Fundi mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nurdin. Nimekukosea vibaya sana."

"Nimekusamehe, Marijani."

"Hapana, bado. Sikukutukana hapa nyumbani. Nilikutukana mnadani, na mnadani ndipo nitakaposafisha jina lako. Kesho asubuhi. Na huyu," akanigeukia, "atasimama pembeni yangu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimtuhumu mtu mnadani huendi kumwomba radhi kwa siri nyumbani kwake, ukirudi ukasema yamekwisha. Watu wa mnadani ndio wanaompa kazi na kumnyima, kwa hiyo wao ndio wanaotakiwa kusikia. Ila nawaambia ukweli, ningekuwa na pa kujificha siku ile ningejificha.

Asubuhi, dalali alipomaliza ndoo ya kwanza ya dagaa, baba alimshika bega. "Nipe nafasi kidogo." Akapanda juu ya kreti. Baba yangu ni mtu wa maringo, watu wote Kunduchi wanalijua hilo. Mara hii alivua kofia kwanza.

"Jamani, mlinisikia jana. Nilisema Fundi Nurdin amenibadilishia mashine. Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini sikuuliza, sikuchunguza, nikafungua mdomo tu. Mashine yangu ni ileile. Fundi hana kosa hata la nati moja. Mbele yenu wote namwomba radhi."

Halafu akanisogeza mbele. Nilitazama vidole vya miguu yangu. "Shikamooni," nikasema. "Namba niliifuta mimi kwa msasa, nikanyamaza. Fundi, nisamehe. Talha, nisamehe na wewe." Maana Talha alikuwepo, amesimama nyuma ya baba yake.

Kisha yule mzee wa miaka sitini na mitatu akasema, "Mashallah. Watu wazima wangapi hapa wangesema hivyo?" Na wale wanaume wawili waliochukua mashine zao jana, mmoja alikohoa akasema, "Fundi, ile yangu niirudishe saa ngapi?"

Mchana huohuo tulipakia mashine kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukaifunga kwa kamba, safari ya Temeke. Baba alimwomba Fundi aje naye, na Fundi akakubali. Mimi nilikaa nyuma na mashine, nimeishika kama mgonjwa.

Kwa wakala kulikuwa na foleni. Mwanamume mmoja aliyekuwa mbele yetu alikitazama kibati chetu, akampa baba ushauri wa bure. "Braza, hapa ukisema namba imefutwa watakuona mwizi. Wewe sema imeliwa na chumvi. Nani atajua?"

Baba alikuna ndevu. Nilimwona anafikiri. Halafu akanitazama, akatikisa kichwa. "Hapana. Tumeshamaliza mambo hayo."

Fundi wa wakala alikuwa mwanamke, dada mrefu mwenye ovaroli ya bluu, jina lake limeshonwa kifuani: Vaileth. Lafudhi yake ilikuwa ya bara. Alipangusa mikono, akatazama kibati, akakunja uso. "Mzee wangu, mashine isiyo na namba huwa siipokei. Nani ameifuta?"

"Najat," alisema baba, "mweleze dada yako."

Nikaeleza. Ilikuwa mara ya tatu nasema maneno yaleyale, na nashangaa, kila mara yalikuwa mepesi kuliko mara iliyotangulia. Dada Vaileth alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akachukua risiti, akaenda kwenye mashine, akafungua kifuniko.

"Mashine zile za zamani zina namba nyingine hapa ubavuni," alisema Fundi Nurdin.

"Kumbe ni fundi mwenzangu!" Dada Vaileth akatabasamu. "Kwenye toleo hili wameificha. Sogea uone." Alifungua boliti tano, akaondoa bati moja, akamulika kwa tochi. Chini kabisa kulikuwa na kizibo cha chuma kidogo, mviringo kama sarafu, na juu yake zimegongwa namba. Baba alisoma risiti kwa sauti, Dada Vaileth akasoma kizibo. Namba zilikuwa zilezile, zote nane. Baba alipumua kwa nguvu mpaka watu wa foleni wakageuka.

"Ungeniambia imeliwa na chumvi, kama wanavyosema wengine," alisema Dada Vaileth, "nisingehangaika kufungua. Chumvi haiachi mistari kama msasa. Ningejua unanidanganya, ningekurudisha nyumbani na mashine yako."

Kisha akautoa mpira wa mafuta. Aliukunja kati ya vidole vyake, na sote tuliona. Mpira ulifunguka ufa mrefu, na petroli ikachuruzika mkononi mwake. Huko baharini haikuwa imevuja bado. Lakini ilikuwa imebaki kidogo sana, pengine safari mbili, pengine ile moja ya jana ambayo baba hakwenda. Fundi Nurdin alisema, "Alhamdulillah," kwa sauti ndogo, akarudia tena.

Kazi ilichukua saa mbili. Mpira mpya, kibati kipya chenye namba, kimefungwa kwa ribiti, na hatukulipa chochote. Kabla ya kurudisha kifuniko, Dada Vaileth aliingiza tochi kwenye njia za maji, akaganda pale akitazama.

"Nani anaosha mashine hii?"

"Mimi," nikasema, nikidhani nimeharibu kingine.

"Wiki hii nimefungua mashine thelathini na mbili. Zote ndani zina chumvi. Hii haina hata punje." Akamgeukia baba. "Mzee, huyu mtoto mshike vizuri."

Ningeweza kuwaambia kwamba nilitulia. Sikutulia. Nilitabasamu kutoka Temeke mpaka Kunduchi, nyuma ya kirikuu, upepo unanipiga usoni.

Siku iliyofuata baba aliuchukua ule mpira wa zamani, tulioomba tupewe, akautundika kwa msumari chini ya tangazo la soko. Aliyetaka aliukunja mwenyewe akaona ufa. Wale waliokuwa wanasema hakuna cha bure, waliukunja, wakanyamaza, wakaenda kutafuta risiti zao. Ndani ya wiki moja, mashine tisa zilikwenda Temeke. Fundi Nurdin ndiye aliyezifungua na kuzifunga kwenye boti, kibanda chake kikajaa mpaka nje. Mimi na Talha tulipewa kazi ya kusoma namba kwenye vibati, na Dada Recho akaziandika. Talha alinikataza kushika chochote isipokuwa kalamu. "Usije ukazing'arisha," alisema, na hapo nikajua tumepatana.

Jioni moja, nikiwa uani namwaga maji ya pipa, baba alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Najat, kile kiwanda kiko mbali huko ng'ambo. Kilipogundua kimekosea kingeweza kunyamaza. Sisi tungeungua huku, nani angejua? Lakini kimeandika kwenye karatasi, kikatuma dunia nzima: tumekosea, leteni turekebishe. Watu wakicheka, wacheke. Ndiyo maana leo nipo hapa naongea na wewe." Akaokota kitambaa changu, akakikunja. "Wewe nawe ulisema. Ila ulichelewa siku moja, na siku hiyo moja mtu mwema aliitwa mwizi na mtoto wake akalia. Kosa la msasa lilikuwa dogo, ningekugombeza yakaisha. Kunyamaza ndiko kulikolikuza. Siku nyingine ukikosea, niambie siku ileile, hata nikiwa nimekasirika. Na mie nikikasirika, nitauliza kwanza kabla sijafungua mdomo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, baba."

Mbalamwezi ilipokwisha, Hatuchelewi ilirudi baharini. Kila asubuhi mashine huogeshwa kama zamani, isipokuwa kibati kipya, ambacho sikigusi hata kwa ncha ya kitambaa. Mama anasema mke mwenza sasa amepata cheti.

Wiki iliyopita alikuja nahodha mgeni kutoka upande wa kusini, mashine yake nayo imo kwenye tangazo, amesikia habari zetu. Baba alimkaribisha sebuleni, akamwonyesha mashine, akamweleza kwamba aliinunua mpya kabisa dukani. Nilipoingia na chai, nikamwamkia mgeni, baba aliniwekea mkono begani.

"Huyu," alisema, kifua mbele, "ndiye binti yangu aliyeifuta namba."

Mgeni alinitazama, akamtazama baba, hakuelewa kwa nini mtu ajisifu kwa jambo kama hilo. Baba akacheka, akamsogezea kikombe. "Kaa vizuri," akamwambia, "nikusimulie jinsi alivyosema mwenyewe."